Je, wajua kwa nini dhoruba za Jua huchunguzwa kutoka kwenye barafu ya ncha za dunia?

Jua hutoa bila kukoma mkondo wa chembe zenye chaji ya umeme, uitwao upepo wa jua, ambao mara nyingi husafiri kilomita 400 hivi kwa sekunde. Uga wa sumaku wa dunia huukinga mkondo huo kwa sehemu kubwa, lakini karibu na ncha mistari ya uga husimama karibu wima na kufika mbali sana angani, mingine ikiungana moja kwa moja na uga unaobebwa na upepo wenyewe. Ndiyo maana msukosuko unaotokea makumi ya maelfu ya kilomita kutoka hapa huteremka kwa kuifuata mistari hiyo hadi kwenye ayonosfea, tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji, mahali ambapo vifaa vya ardhini vinaweza kuupima. Mnorwei Kristian Birkeland, aliyekuwa akichunguza nuru za usiku za kaskazini, alikuwa na kituo juu ya mlima Haldde, kaskazini mwa Norwei, tangu mwaka 1899.

Magnetometa, yaani vipima-uga wa sumaku, hunasa mikondo ya umeme ipitayo kilomita 100 hivi juu yake, na rada za mtandao wa SuperDARN, zaidi ya 30 katika pande zote mbili za dunia, hufuatilia mwendo wa plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme. Chenye werevu zaidi, kwa maoni yangu, ni riometa, ambayo hairushi wimbi lolote: husikiliza tu kelele za redio zitokazo kwenye galaksi, na kelele hizo zikififia ghafla, hujulikana kuwa chembe zimepenya chini na kwamba mawasiliano ya redio ya ndege zipitazo ncha yamo hatarini.

Satelaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kuelekea Jua hutoa onyo la chini ya saa moja au zaidi kidogo, lakini hazionyeshi dunia itaitikiaje. Mwitikio huo ndio ulioizima gridi ya Québec, Kanada, Machi 1989, ndani ya takriban dakika moja na nusu, na kuwaacha watu milioni 6 gizani kwa saa kadhaa.

Pengo kubwa liko kusini, kwa kuwa Antaktika ina vituo vichache na imezungukwa na bahari. Kwa hiyo kituo cha Syowa cha Japani hulinganishwa na vituo vya Iceland, vilivyo kwenye ncha ya pili ya mistari ileile ya uga.