Waini nzito inavyoudanganya ulimi

Juzi tulipanga chupa sita mezani, zote tumezivalisha soksi mpaka shingoni ili mtu asione lebo. Nyekundu tupu, na majina mengi hapa ni ya aina za zabibu: Shiraz ya Barossa kule Australia, Shiraz nyingine ya Stellenbosch kule Afrika Kusini, Cabernet Sauvignon ya hukohuko Stellenbosch, Malbec ya Mendoza kule Argentina, Pinotage, na moja ya kwetu Dodoma ya zabibu za Makutupora. Tulikuwa wanne, wote watu wa hotelini, kazi yetu ndo hii. Namba nne nikaipa 93 kwa 100, hata sikusita. Usiku nikaondoka na iliyobaki, nikaimimina nyumbani na wali kuku wangu, aisee nusu glasi ikanishinda. Inachoma kooni, tamutamu kama jamu, chakula chote kikapotea mdomoni. Sasa ile 93 niliitoa wapi?

Tuanze na huo uzito wenyewe maana naulizwa sana. Ukikamua nazi, tui la kwanza na tui la pili zote zina ladha ya nazi ila mdomoni hazikai sawa, moja linajaza mdomo na kuuganda ulimi, lingine linapita tu kama maji. Uzito wa waini ni huohuo. Haimaanishi nzuri, haimaanishi kali, haimaanishi bei. Inaletwa na vitu kadhaa na mkubwa wao ni pombe: ikishafika asilimia 14 kwenda juu unaanza kuusikia unene, na hizi za sehemu za jua kali kama Barossa kukuta 14.5 au 15 ni kawaida kabisa, kwa sababu zabibu ikiiva sana sukari inakuwa nyingi na hamira inaigeuza sukari kuwa pombe. Yale machozi yanayoteremka ndani ya glasi ukiizungusha, ambayo kuna watu wanayaangalia kwa heshima zote, ni pombe hiyohiyo inavyopeperuka. Ubora hayausemi.

Halafu kuna ukakasi. Hapa Kiswahili kimetubeba kwelikweli, yaani mtu aliyewahi kutafuna bibo la korosho au ndizi mbichi hahitaji darasa la tanini. Waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda na mbegu zake, humo ndo tanini inatoka, na ikifika mdomoni inanasa protini za kwenye mate, ule utelezi unaondoka unabaki na mdomo mkavu. Mi ukakasi sijali sana ni mwingi kiasi gani, naangalia unashika wapi na umekaaje. Kuna ukakasi wa chai ya rangi iliyochemshwa ikasahaulika jikoni, huo unakwangua fizi kama msasa. Kuna mwingine umeshika fizi zote lakini laini, kama nguo nzito ya kitambaa kizuri. Wa pili ndo nauongezea pointi. Na ndo maana nyama choma na waini za aina hii zinaelewana, protini na mafuta ya nyama vinapunguza ule mkwaruzo. Pilipili kali hapana jamani, pombe ya 14.5 juu ya pilipili ni kuongeza moto.

Harufu sasa. Naona vijana wanaandika "blakikaranti" kwenye daftari, nikimuuliza umewahi kula hilo tunda anacheka. Andika zambarau! Kama inanukia zambarau ni zambarau. Na sisi watu wa pwani tuna bahati tusiyoijua: pipa la mwaloni la kukomazia waini likichomwa kwa ndani linatoa eujenoli, na hicho ndo kinachoipa karafuu harufu yake. Mwaloni wa Marekani unajulikana kwa kuleta harufu ya nazi. Shiraz inayonukia pilipili manga ina kemikali inaitwa rotandoni, na pilipili manga yenyewe inayo hiyohiyo. Kwa hiyo aliyekulia jiko la pilau ameshasoma nusu ya kozi bila ada.

Kitu kinachoharibu pointi nyingi hapa Dar ni joto. Mtu amesoma sehemu kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, chumba cha wapi? Hiyo ilisemwa na watu wa nyumba za baridi. Mi nataka nyuzi 16 mpaka 18, kwa hiyo chupa inaingia frijini nusu saa kabla. Ukiionja kwa nyuzi 29 pombe inapanda puani na waini inakuwa kama supu, unaionea bure.

Pointi zenyewe: ile skeli ya 100 inaanzia 50, kwa hiyo 80 siyo ile 80 ya shuleni ya kukimbilia nyumbani kuonyesha. Wengine wanatumia 20. Zote zina tatizo lilelile ambalo ni sisi. Robert Hodgson, mtengeneza waini wa California, aliwapima majaji wa mashindano ya California, waini kutoka chupa moja wanawekewa mara tatu katikati ya nyingine bila kujua, na jaji wa kawaida alama zake zilikuwa zinapanda na kushuka kama pointi 4 hivi. Waini ileile! Alichapisha 2008. Mi nilivyosoma sikushangaa, niliona aibu kidogo tu.

Kwenye foleni ya glasi sita, hata kama unatema kwenye ndoo kila mara, ukakasi unajilimbikiza, ulimi unachoka, na ulimi uliochoka unamsikia mwenye sauti kubwa tu. Kwa hiyo siku hizi nikimaliza naenda na maji na mkate mtupu, nasubiri, halafu naanza tena kutokea mwisho kurudi mwanzo, na namba ya mwisho naiandika kesho yake kwa kilichobaki kwenye chupa.

Tulivyovua soksi namba nne ilikuwa Barossa, pombe asilimia 15 kamili. Cabernet niliyoipa 89, kesho yake harufu na ladha zilikuwa zimefunguka vizuri mno, nikaipandisha 91. Ya Dodoma ilibaki 84, na kosa ni langu mimi niliyeipanga katikati ya mabaunsa watano wakati yenyewe ina uzito wa kati. Namba nne sasa ni 88, ile 93 nimeikata kwa mstari mmoja wa peni na bado inasomeka.