Karatasi tupu ya Muqi

Huenda umeiona bila kujua ni ya nani: matunda sita ya wino, yamekaa karibu mstari mmoja, hakuna meza, hakuna sahani, hakuna kivuli. Ni matunda ya pasimoni, yale yanayofanana na nyanya iliyoiva, na mchoro huo unahesabiwa kuwa wa Muqi, mtawa wa Kibudha wa China wa karne ya 13. Jina lake la utawa ni Fachang. Alitokea Sichuan, akaishi Hangzhou, mji mkuu wa dola ya Song ya Kusini, katika hekalu la Liutong karibu na Ziwa Magharibi. Habari za maisha yake zilizoandikwa ni chache, na penye pengo watu hawakosi la kujazia. Haya hapa ni baadhi ya yale ninayoyasikia yakirudiwa, hasa juu ya michoro yake ya mandhari, ambayo kwangu mimi inayazidi yale matunda kwa mbali.

"Sehemu tupu ni sehemu ambayo hakuichora"

Wino wa Kichina hutokana na masizi ya msonobari au ya taa ya mafuta, yakachanganywa na gundi ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu. Mchoraji hukisaga kwenye jiwe pamoja na maji, na kiasi cha maji ndicho kinachoamua kama brashi itaacha weusi wa mkaa au kijivu ambacho jicho linakitafuta. Tangu karne ya 9 Wachina walikuwa wakisema kwamba wino mmoja una rangi tano. Na hakuna kufuta: tone likishazama kwenye karatasi, limezama.

Sasa mtazame Muqi akichora kijiji cha wavuvi wakati wa machweo, kazi iliyoko Makumbusho ya Nezu jijini Tokyo. Kwa haraka utaona milima kidogo, miti kidogo, karatasi nyingi. Kaa nayo. Utaona miale ya jua ikipenya mawingu na kuteremka, na ndani ya miale hiyo hakuna wino hata chembe. Ni karatasi yenyewe, iliyosalia kwa sababu alipaka kijivu hafifu kuizunguka, akijua mkono uishie wapi. Aliyewahi kukaa karibu na mshonaji wa kofia za mkono ataelewa upesi. Kitobo cha kofia hakina uzi ndani yake, lakini ndicho kinachomla mshonaji siku zake, maana sindano yote inazunguka hapo.

"Alichora kwa mipigo michache kwa kuwa hakuweza zaidi"

Haya ni maneno ya wenye kusema hata mtoto wao angeweza. Dawa yake ni safari ya Kyoto, Japani, au angalau picha nzuri ya kile kilichohifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji: magombo matatu makubwa ya hariri. La katikati ni Guanyin, mwenye huruma katika imani ya Kibudha, amevaa joho jeupe na kuketi kando ya maji. Upande mmoja korongo anatoka kwenye mianzi huku akilia. Upande wa pili yupo giboni jike, aina ya nyani asiye na mkia, juu ya tawi la msonobari, amemkumbatia mwanawe, na manyoya yao yamechorwa kwa subira unayoweza karibu kuishika. Mkono uliochora wale giboni haukushindwa kuujaza mlima miti. Haukutaka.

"Ni sanaa ya Kijapani"

Kosa hili lina sababu, maana kazi zake nzuri karibu zote ziko Japani. Hata neno Zen, ambalo watu hulibandika kila palipo na jiwe na mchanga, ni matamshi ya Kijapani ya neno la Kichina Chan, nalo lilitokana na dhyana la Kisanskriti, yaani kutafakari. Katika karne ya 13 watawa wa Kijapani walivuka bahari kwenda kusoma kwa walimu wa China. Mmoja wao, Enni, alisoma kwa mwalimu Wuzhun Shifan na kurejea kwao mwaka 1241. Kwa njia hiyohiyo ya bahari, ya watawa na wafanyabiashara, michoro ya Muqi nayo ilivuka.

Mcheza kwao hutuzwa, lakini Muqi alicheza kwao akazomewa. Mwaka 1365 mhakiki Xia Wenyan aliandika kwamba kazi zake ni za ovyo na hazifuati kanuni za kale, wala hazifai kuburudisha watu wenye ladha. Wasomi waliokuwa wakiamua kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe walikuwa na kipimo chao, na mtawa anayemwaga kijivu kizima bila mistari ya wazi hakufikia kipimo hicho. Kwa hiyo tukimsifu leo kama kilele cha uchoraji wa China, tunatumia jicho la wakusanyaji wa Kijapani, ambalo limetufikia baada ya kupita mikono mingi. Si jicho baya. Ila tujue ni la nani.

"Alitafakari, kisha brashi ikajiendea yenyewe"

Hadithi tamu. Lakini mandhari aliyoichora haikuja kwake usingizini. Inaitwa Mandhari Nane ya Xiao na Xiang, mito miwili ya Hunan inayokutana na kuelekea Ziwa Dongting. Mada hiyo iliwekwa na ofisa na mchoraji Song Di katika karne ya 11, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Muqi, na kila mandhari ilikuja na jina lake: bata-bukini wakitua kwenye fungu la mchanga, matanga yakirejea kutoka mbali, kengele ya jioni kutoka hekalu lililozama ukunguni, mvua ya usiku, na kadhalika. Washairi walizitungia beti. Isitoshe, kusini kule ndiko walikosukumiwa maofisa walioangukia ghadhabu ya mfalme, tangu enzi za Qu Yuan, mshairi aliyefukuzwa na mwishowe akajitosa mtoni. Msomi wa Song akisikia Xiao na Xiang alisikia uhamisho na kilio cha mtu aliyeonewa, kama vile mpenzi wa mashairi yetu anavyosikia zaidi ya maji akitajiwa bahari. Ule ukungu ulikuwa na historia kabla Muqi hajauchora.

Kwamba alikuwa mtu wa kutafakari, sina shaka. Kazi yake hata hivyo ilikuwa pia ufundi na mazungumzo na waliomtangulia.

"Alikuwa mminimalisti"

Neno hilo, la msanii anayepunguza kila kitu hadi kibaki kichache tu, lilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1960, kwa wasanii wa masanduku ya chuma na turubai za rangi moja. Kumvisha mtawa wa Song ni kumvisha kanzu isiyo yake.

"Tunachokiona ndicho alichokiacha"

Hili ndilo linaloniuma, na wengi hawalijui. Mandhari Nane yaliwekwa kwenye gombo refu la mkono. Gombo la namna hiyo halitundikwi. Unaliweka mezani, unafungua kwa mkono wa kushoto na kukunja kwa wa kulia, hatua kwa hatua, ukungu wa mahali pamoja ukikusogeza hadi pengine, kama abiria wa mashua.

Lilipofika Japani likakatwa. Inaaminika aliyelikata ni shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, Ashikaga Yoshimitsu, aliyefariki mwaka 1408. Muhuri wake umo kwenye vipande, pamoja na kile cha kijiji cha wavuvi. Alitaka kuvitundika ukutani wageni wavione. Vipande vinavyokubaliwa zaidi kuwa vya mkono wa Muqi leo vimetawanyika: kimoja Nezu, kingine Makumbusho ya Taifa ya Kyoto, kingine Makumbusho ya Idemitsu, kingine Makumbusho ya Hatakeyama. Kila kimoja kina upana wa takriban mita moja, kimesimama peke yake ndani ya fremu ya kitambaa, na ukungu uliokuwa njia ya kwenda kwenye mandhari inayofuata sasa unaishia ukingoni. Sisi tunaita utupu.

Sisemi Muqi hakupenda nafasi wazi. Miale ya jua inatosha kunikanusha. Nasema sehemu ya ule upweke tunaousifu ni ya mkasi. Wapo wataalamu wanaodhani hata yale matunda sita yalikatwa kutoka gombo moja na mchoro mwingine, wa njugu za chesinati, ambao nao uko Daitoku-ji. Mwishoni mwa mwaka 2023 michoro hiyo miwili ilipelekwa San Francisco, Makumbusho ya Sanaa ya Asia. Kwa kuogopa mwanga kuichosha, haikuachwa nje muda wote: pasimoni zilitangulia, chesinati zikafuata, na kwa siku chache tu katikati vilikaa chumba kimoja.