Mkwe wa Musa hakuja peke yake

Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka imefundishwa kwenye semina za uongozi mpaka imechakaa. Yethro, baba mkwe wa Musa, anafika jangwani, anamkuta Musa ameketi kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, anamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema," kisha anampangia ngazi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kesi nyepesi ziishie chini, nzito zipande kwa Musa. Mwezeshaji anachora piramidi ubaoni, sisi wachungaji tunanakili, semina inafungwa kwa sala.

Aya za mwanzo wa sura hiyo hurukwa, nazo ndizo zinazogusa ninalotaka kulisema: kiongozi aishi kwa kusudi, huduma isiile nyumba yake. Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, pamoja na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa mkwewe, na mzee sasa amewaleta. Musa anatoka kumlaki mkwewe, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani na kuzungumza habari za Farao na safari. Mke na watoto hawatajwi tena katika sura nzima. Aya ya 13 inasema kesho yake Musa aliketi kuwaamua watu.

Ukimya wa Maandiko si ushahidi kwamba Musa hakumsalimu mkewe, na sitaki kumsingizia mtumishi wa Mungu. Ila nimewashauri wachungaji na wake zao kwa miaka mingi, na mpangilio huo naufahamu: mgeni wa heshima anapokewa vizuri, habari za huduma zinasimuliwa kwa kirefu, asubuhi foleni imeshajipanga mlangoni. Pia tuangalie nani aliyeliona tatizo. Wazee wa Israeli walikuwepo, Haruni alikuwepo, na wote walikula pamoja na Yethro kabla ya siku hiyo. Aliyesema ni baba mkwe, mtu aliyekuwa na sababu ya kujiuliza binti yake na wajukuu wake watampata mtu huyu saa ngapi. Mpango wa uongozi tunaousifu mpaka leo ulitoka kwa mkwe.

Kuna neno lingine ambalo halisomwi kwenye semina. Waamuzi 18:30 inamtaja kuhani wa sanamu ya Wadani, kabila mojawapo la Israeli: Yonathani, mwana wa Gershomu, mwana wa Musa. Nakala nyingine za Kiebrania zinasoma Manase mahali pa Musa, na wataalamu wengi wanaona herufi moja ilipachikwa hapo ili kulinda jina la mtoa sheria. Kama ni hivyo, hata waandishi wa kale waliona aibu.

Nikihesabu viongozi wa Agano la Kale ambao nyumba zao ziliharibika wakati huduma zao zikistawi, napata orodha ndefu kuliko ninavyopenda. Lakini hawakuanguka kwa namna moja, na hapa mahubiri yetu mengi yanakosea kwa kuwatia wote kapu moja.

Eli alijua. Wanawe Hofni na Finehasi walikuwa makuhani chini yake, walipora nyama za sadaka, walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Aliwasemesha, maneno yake yameandikwa, ni mazuri kabisa. Shitaka la Mungu juu yake katika 1 Samweli 3:13 ni kwamba hakuwazuia. Alikuwa na mamlaka ya kuwatoa kazini na hakuyatumia. Huyu ni kiongozi anayetumia sauti ya baba pale panapohitaji uamuzi wa msimamizi, na nimemwona makanisani mara nyingi, hasa pale ambapo mtoto wa mchungaji ndiye mweka hazina.

Samweli ni kesi tofauti. Wanawe Yoeli na Abiya walipokea rushwa huko Beer-sheba, na wazee wa Israeli walilitumia jambo hilo kudai mfalme. Maandiko hayamlaumu Samweli kama yalivyomlaumu Eli. Yeye ndiye aliyewaweka kuwa waamuzi, na hapo pana la kujifunza, lakini wakati huo walikuwa watu wazima wenye hesabu yao wenyewe. Nasema hivi kwa sababu 1 Timotheo 3:5, "mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu?", imegeuzwa rungu la kuwapiga wazazi ambao mwana wao wa miaka 30 ameacha imani. Paulo anazungumzia usimamizi wa nyumba. Hakuahidi kwamba kila aliyesimamiwa vizuri atageuka vizuri, na Ezekieli 18 inakataza kabisa hesabu za namna hiyo.

Daudi ndiye anayeninyima usingizi. Mwanawe Amnoni anambaka Tamari, dada yake wa baba mmoja, na 2 Samweli 13:21 inasema mfalme alipopata habari alikasirika sana. Basi. Aya inaishia hapo. Tamari anakaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu, ndugu yake, na mfalme aliyekata kesi za taifa zima hakuikata ya binti yake. Inapita miaka miwili, Absalomu anamuua Amnoni na kukimbia. Anakaa ugenini miaka mitatu. Anarudishwa Yerusalemu, lakini anakaa miaka mingine miwili bila kuuona uso wa baba yake. Ndipo anaanza kusimama kando ya njia ya lango, kuwasikiliza watu wenye kesi na kuwaambia kwamba mfalme hana mtu wa kuwasikiliza. Hakuhitaji kutunga hoja hiyo. Alikuwa ameiishi. Halafu 1 Wafalme 1:6 inaongeza, kuhusu Adonia, mwana mwingine wa Daudi, kwamba baba yake hakuwahi kumuudhi kwa kumuuliza, "Mbona umefanya hivi?"

Swali hilo halikosi nafasi ofisini kwa Daudi. Askari anaulizwa, waziri anaulizwa, hata nabii Nathani anaruhusiwa kumuuliza mfalme. Nyumbani haliulizwi. Nadhani ni kwa sababu kuuliza kunahitaji kubaki hapo mpaka jibu lije, na jibu la mtoto huwa linachelewa. Kiongozi aliyezoea watu waje na ripoti iliyokamilika hana subira ya kukaa na kijana anayejibu "sijui" mara nne kabla ya kusema kilichomo moyoni. Hapo ndipo ninapoamini nyumba nyingi za watumishi huvunjikia, polepole, bila kashfa yoyote ya kuandikwa magazetini.

Kwa hiyo ninaposema kuishi kwa kusudi sina maana ya kuwa na maono makubwa yaliyowekwa kwenye fremu ukutani. Nina maana ya kuamua mapema nani atapata saa zako kabla wenye kelele hawajazigawana. Zaburi ya 90 inaomba, "utujulishe kuzihesabu siku zetu," na kuhesabu ni kazi ya mtu aliyekaa chini na kalenda.

Mfano ninaoupenda ni wa mwanamke. Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth huko Uingereza, alizaa watoto 19, karibu nusu yao wakafa wakiwa wachanga. Katika barua aliyomwandikia mumewe mwaka 1712 alieleza utaratibu wake: kila jioni ya juma ilikuwa na mtoto wake, akazungumza naye peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John, ambaye baadaye aliongoza uamsho wa Wamethodisti, Jumamosi ya Charles, mtunzi wa nyimbo. Fikiria nyumba ile, umaskini ule, kazi zile, na bado mtoto anajua kwamba jioni fulani ni yake na hahitaji kufanya fujo ili aipate.

Barua hiyo haikuandikwa ili kujisifu kwa malezi. Alikuwa anajitetea. Mumewe Samuel alikuwa London kwenye vikao vya kanisa, na Susanna alikuwa akiwasomea watoto na watumishi wa nyumbani sala na mahubiri Jumapili jioni. Majirani wakaomba kuhudhuria, wakazidi 200. Msaidizi wa mumewe akalalamika, Samuel akaandika kwamba jambo hilo halionekani vizuri. Susanna akamjibu kwamba kama anataka aache, asimwambie tu kwamba angependa iwe hivyo. Atoe amri iliyo wazi, itakayomwondolea yeye lawama mbele za Mungu kwa kuacha kutenda mema. Tafadhali soma hilo mara mbili, wewe mchungaji unayeandika ujumbe mfupi ukiwa mkutanoni kumwelekeza mkeo aendesheje nyumba ambayo wewe humo.

Upande wa pili kuna Jonathan Edwards, mhubiri wa Northampton, Massachusetts. Akiwa kijana, kati ya 1722 na 1723, alijiandikia maazimio 70 na kujiagiza kuyasoma yote mara moja kila juma. Hakuna aliyeishi kwa kusudi kuliko huyo. Mtu huyo huyo alimiliki watumwa mpaka kufa kwake. Siwezi kumtaja bila kusema hivyo, kwa sababu inaonyesha mpaka wa nidhamu ya mtu peke yake na daftari lake: maazimio hushughulikia dhambi unazoziona. Zile usizoziona zinahitaji mtu mwingine, na kwa kiongozi mtu huyo mara nyingi anaishi naye. Ndiyo sababu kwetu mpango wa juma haupangwi na mimi kisha ukatangazwa. Mke wangu anaanza kusema, mimi nafuata. Anajua kuliko mimi ni mtoto gani amekuwa kimya siku hizi.

Kwa vitendo, jambo lililotusaidia kuliko yote ni kukubaliana na wazee wa kanisa kuhusu dharura ni nini. Kabla ya hapo kila simu ilikuwa dharura. Tuliandika: kifo, ajali, mgonjwa mahututi, mtu anayetishia kujidhuru au kudhuru mwingine, mtoto aliye hatarini. Kwa hayo natoka hata usiku wa manane, hata siku ya kuzaliwa ya mwanangu, na watoto wanajua hivyo wala hawanung'uniki. Ugomvi wa kwaya si dharura. Ndoa iliyoyumba kwa miaka sita inaweza kusubiri mpaka asubuhi, ilimradi hakuna anayepigwa. Akiwepo anayepigwa, imeingia kwenye orodha ya kwanza. Usiku simu hupokelewa na mzee wa zamu, naye ndiye anayeamua kama aniamshe. Yethro angeutambua utaratibu huo.

Jambo la pili ni dogo lakini nalishikilia sana: sisimulii habari za watoto wangu mimbarini bila ruhusa yao, hata kichekesho. Mtoto wa mchungaji tayari anaangaliwa na mamia ya macho. Nguo yake inajadiliwa, alama zake za mtihani zinaombewa. Akigundua kwamba hata alichomwambia baba chumbani kinaweza kuwa mfano wa Jumapili, ataacha kusema, na mtatafuta chanzo cha ukimya wake kwingine kote. Wakati mwingine naomba ruhusa nanyimwa. Hubiri linapungua utamu, linaendelea.

Nina ndugu watumishi wasio na mke wala watoto, na najua makala za aina hii huwachosha. Paulo hakuwa na mke, na katika 1 Wakorintho 7 anaitetea hali hiyo bila kuomba radhi. Kinachonisikitisha ni kanisa kuchukulia kwamba asiye na familia hana nyumba ya kusimamia, hivyo saa zake zote ni mali ya umma. Yesu mwenyewe hakuwa na mke, na katika Marko 1, baada ya jioni ambayo mji wote wa Kapernaumu ulikusanyika mlangoni, aliamka alfajiri akaenda mahali pasipokuwa na watu kuomba. Simoni akamfuata na kumwambia, "Watu wote wanakutafuta." Kwa mantiki ya wengi wetu, hapo ndipo pa kurudi mbio. Akasema waende mahali pengine. Wagonjwa wa Kapernaumu wa asubuhi ile walikuwa wa kweli, na bado aliondoka.

Huulizwa sana: washirika wakilalamika je? Watalalamika. Huduma ya mezani, yaani kuwagawia wajane chakula, katika Matendo 6 ilianza na manung'uniko, na mitume hawakujibu kwa kukimbia meza hadi meza wenyewe. Waliwaambia watu wachague wanaume saba, na kazi ikawa ya saba hao kwelikweli, bila kusimamiwa begani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayotushinda. Tunakabidhi kazi asubuhi, jioni tunapiga simu kuuliza imefikia wapi, halafu tunamweleza mke wetu kwamba watu hawawezi kazi.

Kwetu malalamiko makubwa yalihusu kikao cha wazee, ambacho sasa kinafungwa saa tatu usiku hata kama ajenda haijaisha. Iliyobaki inakuwa ya kwanza kikao kijacho. Mara nyingi ikifika zamu yake, aliyeileta anasema yalishatatuliwa, tuendelee na inayofuata.