Kulanti au maji: yanayosemwa gereji na yanayotokea ndani ya rejeta

"Kulanti inapoza injini kuliko maji." Ni kinyume. Kulanti ni kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji ya rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini. Kwa kubeba joto, maji ndiyo bingwa: kilo moja huchukua takribani kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja ya joto, ilhali mchanganyiko wa kulanti na maji, nusu kwa nusu, huchukua kama 3.5 tu. Ndiyo maana gari lenye rejeta iliyoziba litachemsha hata ukilijaza kulanti ya bei mbaya. Kulanti ina kazi nyingine mbili, kuchelewesha kuchemka na kuzuia kutu.

Kwenye kuchemka, mtu anayesahaulika ni mfuniko wa rejeta. Pwani maji ya wazi huchemka nyuzi 100, Nairobi karibu na 94, na themostati nyingi (vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta) hufunguka kwenye 82 au 88, kwa hiyo nafasi ni ndogo. Mfuniko ulioandikwa 0.9 (kipimo cha presha, bar) hushikilia presha hadi maji yafike kama nyuzi 119 (hesabu ya usawa wa bahari), na kulanti ya nusu kwa nusu huongeza nyingine saba au zaidi. Mpira wa mfuniko huo ukikakamaa, presha inatoroka, maji yanachemka mapema, na mwenye gari anauziwa wota pampu (pampu inayozungusha maji) mpya.

"Huku hakuna barafu, kulanti ni ya Wazungu." Kutu haingoji barafu. Maji ya kisima yana chokaa na chumvi, nayo huacha gamba lile lile unaloliona ndani ya birika. Gamba hilo hukaa kati ya chuma na maji, joto likakosa njia ya kutoka. Silinda hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu huanza kuliwa kwenye matundu ya maji karibu na gasketi, kizibo kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini, na mabawa ya wota pampu hukonda. Kwa nchi za joto, theluthi moja ya kulanti inatosha. Chini ya hapo dawa ya kuzuia kutu inakuwa chache mno.

"Basi weka kulanti tupu, ndiyo kali." Ikiwa tupu hubeba joto kidogo na ni nzito. Soma galoni: iliyochanganywa tayari haiongezwi maji, ya kuchanganya lazima iongezwe. Ukitaka nusu kwa nusu, mfumo wa lita 6 unahitaji lita 3 za kulanti na 3 za maji yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea betri, siyo asidi yake. Injini ikiwa baridi, mwaga kupitia koki ya chini ya rejeta, suuza hadi maji yatoke meupe, kisha tangulia kumimina kulanti, ndipo ujazie maji. Sababu ni kwamba maji ya kusuuzia hayatoki yote kwenye bloku. Ukianza na maji, kulanti itakosa pa kukaa. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita ya ndani ikiwa kwenye moto wa mwisho, uache hewa itoke hadi feni izunguke. Jazia, funga, angalia tena asubuhi.

"Rangi zikifanana, kulanti ni moja." Rangi ni uamuzi wa kiwanda. Za kijani mbili zaweza kuwa na dawa tofauti, na zikikutana hudhoofishana au hata kuganda kama uji. Fuata kitabu cha gari.

"Toa themostati, gari lipumue." Injini itachelewa kupata moto, itakula mafuta na kulika haraka. Kwenye injini ambazo themostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato, ukiitoa maji yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo.

"Maji ni mwiko." Ukikwama njiani, maji safi yatakufikisha. Zima, subiri nusu saa au zaidi, fungua mfuniko kwa kitambaa taratibu. Maji baridi kwenye injini ya moto hupinda silinda hedi.

"Gari kula maji ni kawaida." Mfumo usiovuja haupotezi chupa ya maji kila wiki. Tafuta alama nyeupe au za rangi zilizokauka kwenye mipira na chini ya wota pampu. Usipoona kitu, washa injini ikiwa baridi, mfuniko wazi: mapovu yasiyokoma, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni gasketi ya silinda hedi, na hapo kulanti wala maji havitasaidia.