"Damu ya Ukoo Wetu ni Ngumu": Dhana Potofu kuhusu Zebaki, Jeni na Figo

Wengi wa wagonjwa wa figo ninaowahudumia hapa mashariki mwa Uganda hutoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Busia na Namayingo, ambako zebaki hutumika kunasa dhahabu, na hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hii: "Daktari, sisi kwetu zebaki haitudhuru. Baba aliishika kwa mikono mitupu miaka yote, na bado analima." Mwezi uliopita niliisikia mara tatu. Mara ya mwisho ilitoka kwa kijana wa miaka 32 ambaye, alipovua viatu, alama za soksi zilibaki zimezama juu ya vifundo vya miguu, na mkojo wake ulikuwa na povu ambalo halikutulia hata baada ya chupa kukaa mezani robo saa.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Miili haipokei sumu ya metali kwa namna moja. Wako watu waliozaliwa bila jeni ya GSTM1 kabisa, ambayo hutoa maelekezo ya kutengeneza kimojawapo cha vimeng'enya vinavyousaidia mwili kukabiliana na sumu. Wako pia wanaotofautiana katika jeni za metalothioneini, protini inayozikamata zebaki na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ndani ya seli. Lakini kuikamata metali si kuitoa mwilini. Kadimiamu iliyofungwa na protini hiyo husafiri kutoka kwenye ini hadi kwenye mirija midogo ya figo, ambako hufunguliwa tena na kukaa kwa miaka 10 hadi 30. Kwa hiyo hata kile ambacho mtu angekiita kinga ya kuzaliwa nacho kinaishia kuubeba mzigo na kuutua kwenye figo.

Zebaki ina njia nyingine pia. Mtu anapochoma donge la zebaki na dhahabu, mvuke hutoka usio na rangi wala harufu, na takriban asilimia 80 ya mvuke anaouvuta huingia kwenye damu kupitia mapafu. Sehemu kubwa hukusanyika kwenye figo. Kwa baadhi ya watu, na hapa jeni za kinga ya mwili zinahusika, zebaki huichochea kinga kushambulia vichujio vya figo, protini ikaanza kuvuja kwenye mkojo na miguu ikavimba. Jambo hili halihitaji dozi kubwa, wala halionekani usoni mwa mtu kabla halijaanza.

Sasa, kijana anayeniambia habari za baba yake anasahau kwamba nusu ya jeni zake alizipata kwa mama, na kwamba nusu aliyopewa na baba si ile aliyopewa ndugu yake. Kijana yule nilimwomba arudi na mdogo wake, kwa kuwa wote wawili huchoma donge kwenye sigiri moja, ndani ya jiko moja lenye dirisha dogo. Nilichovya vijiti viwili vya kupimia mkojo. Cha mkubwa kilibadilika kutoka manjano hadi kijani kibichi, kumaanisha protini nyingi. Cha mdogo kilibaki manjano. Baba mmoja, mama mmoja, moshi mmoja. Mdogo alitabasamu kama aliyeshinda, nami nikamweleza kwa ukali kidogo kwamba kipimo kile kimesema habari za siku ile tu. Tena baba yao alikuwa akichomea nje, kwenye upepo, mara chache kwa mwezi. Wao huchoma ndani karibu kila jioni. Wanalinganisha damu na kusahau dozi.

"Kreatinini yangu ni ya kawaida, basi figo ni nzima." Si kweli. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, inaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Ninarudia kwa kila anayefanya kazi na zebaki: pima protini kwenye mkojo na shinikizo la damu kila miezi sita, na uache kumeza diklofenaki kila mgongo unapouma baada ya kuchimba, kwa maana nayo huziumiza figo hizo hizo.

"Maziwa huosha zebaki." Mvuke umeingia kwa mapafu, maziwa yamekwenda tumboni. Hayakutani.

"Kama ni jeni, basi imeandikwa." Hii husemwa na familia ambazo zimezika watu wawili au watatu kwa ugonjwa wa figo, na wengine huiita laana. Ni kweli kwamba zipo aina za jeni ya APOL1 zinazoongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa watu wenye asili ya Afrika. Zimeenea kwa sababu humsaidia mtu kupambana na baadhi ya vimelea vya malale, ugonjwa ambao nchi yetu inaujua vizuri. Hata hivyo, hatari hupanda hasa kwa aliyerithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, na wengi wenye nakala hizo mbili hawaugui figo maisha yao yote.

"Basi nipime jeni kwanza, ndipo niamue." Ningempa ushauri ule ule kwa jibu lolote: asichomee ndani, atumie retoti yenye kifuniko inayounasa mvuke, na watoto wasikae karibu. Kijana yule ameacha kuchoma. Wagonjwa wengi ambao zebaki iliwasababishia protini kuvuja hupata nafuu wakitengwa nayo mapema, na miezi miwili hivi ndiyo muda ambao mwili hutumia kuondoa nusu ya zebaki iliyomo. Tumepanga kupima mkojo wake tena wakati huo, na wa mdogo wake pia.