Tairi za Trekta Kwenye Mteremko: Panua Kabla Hujaingia Kukata Nyasi

Msimu wa kukata nyasi ya boma rhodes ukifika, trekta zile zile zilizokuwa zikilima mahindi ndizo zinafungiwa moa (ya kukata) na beila (ya kufunga beli) na kutumwa kwa nyasi, na huku Nandi, Kericho, Molo mpaka Kinangop wanakokata oats, shamba la nyasi mara nyingi ni ile sehemu mwenye boma aliona imeinama sana kulimika. Shida ni kwamba dereva anabadilisha mashine ya nyuma peke yake, tairi anaziacha vile zilivyokuwa za kulimia, zimebana ndani, kwa sababu plau inataka hivyo. Sisi wa mafunzo ya zana za kilimo tukifika shambani kitu cha kwanza tunaangalia ni hicho, kabla hata ya mafuta.

Trekta nyingi za saizi ya kati tulizonazo hapa, upana wa nyuma kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya nyingine unaweza kubadilishwa, mara nyingi kuanzia kama inchi 56 (sentimita 142) na kupanda inchi 4 kila hatua, lakini mwisho wake soma kwa kitabu cha trekta yako, usikisie. Chukulia uzito wote wa trekta umekaa sentimita 80 juu ya ardhi. Ukiwa na upana wa 142, kwa hesabu ya karatasi trekta iliyosimama inaanza kuanguka kando ikiinama digrii 41 na kitu, ukipanua hadi 183 inafika karibu 49. Ndio mtu anauliza, sasa kama ni 41 na shamba langu lina digrii 11, mbona trekta za watu zinapinduka?

Zinapinduka kwa sababu hiyo hesabu ni ya trekta imesimama kwa sakafu isiyo na mashimo ikiwa haijabeba kitu, na hakuna anayekata nyasi hivyo. Kwanza ekseli ya mbele haijashikwa imara na bodi, inacheza kwa pini moja katikati, kwa hivyo trekta ikianza kulala haisimamii miguu minne, inasimamia mitatu: tairi mbili za nyuma na ile pini. Ndio maana ukiona mtu amepanua za mbele peke yake, hajafanya kitu kikubwa, kwa sababu za mbele zinaanza kusaidia wakati ekseli imegonga kizuizi chake na wakati huo bodi tayari inaenda. Upana unaookoa ni wa nyuma. Za mbele unazipanua ili zifuate njia ya za nyuma.

Pili kuna mashimo. Shamba la nyasi linaficha mambo, kichuguu kiko ndani ya majani na shimo la mhanga liko hapo hapo. Tairi ya chini ikiingia shimo la sentimita 15 na trekta yako ina upana wa mita 1.5, umeongeza asilimia 10 ya mteremko papo hapo. Kama wakati huo huo tairi ya juu imepanda jiwe la sentimita 15 ni asilimia 10 nyingine, kwa hivyo wewe uliyekuwa kwa mteremko wa asilimia 20 (ndio kama zile digrii 11) sasa uko kwa 40 na hujasonga hata mita mbili. Tembea shamba kwa miguu kabla ya moa kuingia, weka vijiti palipo na shimo. Najua inachosha.

Tatu ni spidi kwa kona, na hii ndiyo vijana hawaamini. Ukikata kona ya nusu kipenyo cha mita 6 kwa kilomita 10 kwa saa, ile nguvu ya kukusukuma nje ni kama umeongezewa mteremko wa asilimia 13. Fanya kilomita 20 kwa kona hiyo hiyo, haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, zaidi ya asilimia 50. Hakuna upana wa tairi utakaokufichia hiyo.

Kupima mteremko hauhitaji mashine. Chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi, weka ncha moja kwa ardhi upande wa juu, inua ile nyingine mpaka kipovu kikae katikati, alafu pima pengo lililobaki chini. Sentimita 20 ni asilimia 20. Pima pale pabaya zaidi, sio pale pazuri karibu na geti.

Sasa kupanua kwenyewe. Rimu za chuma za kawaida zina diski iliyobonyea katikati na masikio yanayofungwa kwa bolti, upana unaupata kwa kugeuza diski ubonyeo uangalie ndani au nje, na kwa kubadilisha upande wa masikio. Kuna hatua nyingine ambapo lazima tairi ya kulia iende kushoto na ya kushoto ije kulia, na hapo angalia ule mshale ubavuni, meno lazima yabaki yakielekea mbele, la sivyo yatakuwa yanajaza matope na trekta itateleza. Fanya hii kazi kwa sakafu ngumu iliyo sawa, handibreki juu, magurudumu ya mbele yamewekewa vizuizi yasisonge, nati zimelegezwa kabla ya kuinua, na ukishainua kwa jeki weka stendi za chuma chini ya ekseli, sio mawe wala magogo. Tairi la nyuma lililojazwa maji lina mamia ya kilo, likianza kulala hakuna mwanaume wa kulishika, bora utoe maji kwanza. Mbele ni rahisi zaidi, unatoa bolti, unavuta bomba la ekseli nje matundu sawa kila upande, na unarefusha tairodi (fimbo ya stelingi inayoshika magurudumu ya mbele) kwa kipimo kile kile, usipofanya hivyo stelingi itavuta na tairi zitalika upande mmoja. Nati zikazwe kwa msalaba, alafu zikazwe tena baada ya saa moja ya kazi na tena jioni, kwa sababu zinalegea, hilo halina mjadala.

Ukirudisha tairi, rudisha na maji. Maji robo tatu ya tairi yanashusha uzito chini, na tairi kubwa la nyuma linaweza kubeba zaidi ya lita 200, kila lita ni kilo. Kuipata robo tatu weka vali juu kabisa, jaza mpaka maji yafike hapo.

Kupanua kuna gharama zake pia. Beringi na ekseli zinaumia zaidi, tairi inaweza kukanyaga mstari wa nyasi ambao beila inatakiwa kuokota, na barabarani unachukua nafasi, kwa hivyo pima geti kabla. Na ukirudi kupalilia mahindi ya mistari ya sentimita 75, utarudisha 150, hakuna njia.

Kuna mazoea moja lazima niiseme. Tumefundishwa miaka yote kulima kwa kukinga mteremko ili udongo usiende, na ni sawa kabisa, lakini kwa nyasi udongo umeshikwa na mizizi, kwa hivyo penye mlima kata kupanda na kushuka. Ukilazimika kwenda kwa kukinga, moa iwe upande wa juu, sio inaning'inia upande wa chini. Kushuka tumia gia ile ungepandia nayo, usiachilie fri, pedali mbili za breki zifungwe pamoja, na ngoja umande ukauke kwa sababu nyasi mbichi iliyolala inateleza vibaya. Ile fremu ya chuma nyuma ya kiti, inayomkinga dereva trekta ikipinduka, isimame na mkanda ufungwe, na kama trekta haina fremu, mkanda usifunge. Uswidi walilazimisha fremu kwa trekta mpya tangu 1959, sisi bado tunaikata ipite chini ya paa la stoo.

Ile kona ya juu kabisa ambayo hata kwa miguu unashika majani ili kupanda, iache. Itakatwa kwa slasha, na beli mbili tatu zitakazokosekana hapo hazifiki bei ya rimu moja.