Jiko la nyama choma la gesi: soma kibati kabla ya kununua mpira

Kabla hujatafuta mpira wala regulata, kile kifaa cha kushusha presha ya mtungi, zunguka nyuma ya hilo jiko utazame kibati chake. Huwa kimepigwa ribiti mgongoni au kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la chini. Kinasema mambo mawili ninayoyataka: jiko linatumia gesi gani, na kwa presha ipi. Mimi hufunga gesi hapa Nakuru, majumbani na kwenye mikahawa, na majiko mengi ninayoitiwa Desemba huwa yameshavurugwa na mtu ambaye hakuyasoma maandishi hayo.

Mengi ni ya kutumwa. Mjomba yuko Marekani, kontena linafika, ndani mna jiko linalong'aa la bana nne, yaani mirija minne ya kutoa moto. Sasa swali: ni la gesi ya mtungi au la gesi asilia? Huko kwao gesi asilia hupita kwenye bomba hadi nyumbani. Sisi hatuna bomba hilo. Yetu ni ya mtungi, mchanganyiko wa propani na butani. Kwa ujazo uleule, propani ina joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia, kwa hiyo jeti za jiko la gesi asilia, yaani vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia gesi kwenye bana, zimetobolewa tundu kubwa. Ukilifunga hivyo hivyo kwenye mtungi wetu, utaona ndimi za njano zikitoka pembeni mwa mfuniko, masizi juu ya mbavu za mbuzi, na pamoja na hayo kaboni monoksidi, ambayo hutaiona wala kuinusa. Dawa ni jeti za gesi ya mtungi kutoka kwa kampuni iliyolitengeneza, pamoja na regulata inayoendana nazo. Tundu la jeti waweza kulipanua, kulipunguza huwezi. Jeti zikikosekana, mimi silifungi.

Likiwa la gesi ya mtungi, napumua. Kibati cha Marekani husema inchi 11 za maji, yaani milibari 27 hivi. Regulata zetu za kawaida za jikoni, za presha ndogo, ziko karibu na hapo, milibari 28 au 30. La Uingereza lililoandikwa propani hutaka milibari 37, basi hilo litafutiwe regulata yake.

Kwa la Marekani tatizo ni mdomo. Mpira wake unaishia kwenye regulata yenye gurudumu la plastiki la kufungia kwa mkono, na gurudumu hilo haliingii kwenye vali yoyote ya mitungi yetu. Hapo ndipo vituko huanza. Mtu anaikata ncha, anaunganisha mpira wa dukani, na juu ya mtungi anaweka regulata yetu huku ile ya Kimarekani ikiwa bado iko katikati. Sasa regulata ni mbili. Ya kwanza imeshashusha presha, ya pili ilikuwa ikingojea presha ya mtungi mzima, na moto unatoka dhaifu hata soseji haiivi. Mwenye nyumba anasema, "Fundi, weka tu ile ya hoteli." Ya hoteli ni ile ya presha kubwa, yenye kifundo cha kuongeza na kupunguza. Moto unakubali, wote wanafurahi, ila sasa mpira wa jikoni umebeba presha ambayo haukutengenezewa. Siku mtu akiitoa ile regulata ya katikati, presha hiyo itakwenda moja kwa moja hadi kwenye bana.

Ninachofanya mimi: naondoa mpira wote wa Kimarekani pamoja na regulata yake, hadi kwenye nati ya bomba la jiko. Hapo nafunga kiunganishi cha shaba chenye nyuzi zinazolingana, upande wa pili kikiwa na chuchu ya kuvalishwa mpira. Kisha mpira mpya wa gesi, klipu ya skrubu kila upande, na regulata moja tu ya presha ndogo inayokaa sawasawa kwenye vali ya mtungi wako. Waya wa kufungia, au kamba ya tyubu ya baiskeli, sitaki hata kuviona.

Mpira usizidi mita moja na nusu. Usipite chini ya trei ya mafuta, maana mafuta ya nyama yakishika moto hudondoka yakiwaka. Soma tarehe iliyopigwa kwenye mpira wenyewe, ukunje kidogo utazame nyufa, na kama jiko hulala nje, angalia meno ya panya.

Mtungi nao. Jiko la bana nne lenye kilowati 12 likiwashwa lote hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 ukivutwa kwa kasi hiyo hupoa, hutoa jasho, na presha hushuka nyama ikiwa nusu mbichi. Chukua wa kilo 13. Usimame wima, kando ya jiko, si chini ya bana. Ukilala, gesi ikiwa bado kimiminika huingia kwenye mpira, na lita moja yake hugeuka zaidi ya lita 250 za mvuke. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya kwenye mtaro au shimo la maji machafu. Kwa hiyo jiko likae uwanjani, si kwenye gereji, wala kwenye roshani iliyozibwa kwa vioo.

Kupima ni kwa povu la sabuni. Funga vifundo vyote vya jiko, fungua mtungi, paka povu kwenye vali, klipu na kiunganishi. Vipovu vikikua, funga mtungi ukaze au ubadilishe. Fundi akitoa kiberiti kutafuta mvujo, mlipe nauli aende zake.

Wakati wa kuwasha, mfuniko uwe wazi. Lisipowaka kwa sekunde chache, funga, ngoja dakika tano. Hapa Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo jiko lililopangwa kwa ajili ya pwani huweza kuwa na ncha za njano. Fungua kidogo kile kidirisha cha hewa kwenye shingo ya bana mpaka moto uwe wa buluu. Nikifunga Kisumu, huko chini kwenye mita 1,130, kazi hiyo huwa ndogo. (Wanaosema nyama ya gesi haina ladha, tutaongea siku nyingine.)

Ukimaliza, funga mtungi kwanza, uache gesi iliyobaki kwenye mpira iungue, ndipo ufunge vifundo. Na kama jiko limekaa tangu Pasaka bila kuwashwa, chomoa bana upitishe brashi nyembamba ndani. Buibui hupenda mirija ile, na utando ukiziba, gesi hurudi nyuma na moto hutokea kwenye vifundo, pale mkono wako ulipo.